Msomi wa Bahari Ashuke Pwani



Kila mwaka vijana huingia Chuo Kikuu kusomea shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira ya bahari na pwani. Wapo waliozaliwa Tanga, Mafia au Unguja, wakalala na kuamka kwa mlio wa mawimbi. Wapo pia waliotoka Iringa au Shinyanga, ambao hawajapata kuonja maji ya chumvi. Wote husomeshwa vitabu vile vile, na wote huulizwa na jamaa zao swali lile lile: yawaje mtu akae darasani miaka mitatu kusomea bahari, hali mvuvi asiyejua kusoma anaingia humo kila alfajiri na kurudi na kitoweo?

Swali hilo halifai kuchekwa. Ni swali la haki, kwa kuwa anayeuliza ndiye anayelipa. Majengo ya chuo, mishahara ya walimu na mikopo ya wanafunzi, vyote vina jasho la wananchi ndani yake. Mwanafunzi asiyeweza kulijibu kwa maneno ambayo mvuvi atayaelewa, huyo bado hajajua anasomea nini.

Masomo yenyewe si mepesi. Mwanafunzi hujifunza kemia, na kuambiwa kwamba kilo moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Hujifunza fizikia, na kuelezwa kwamba maji hujaa na kupwa kupita kiasi pale jua, mwezi na dunia vinapokaa katika mstari mmoja. Hujifunza viumbe, hesabu za takwimu, na sheria za uvuvi na hifadhi. Kisha huja siku ya kushuka ufukweni, mkononi ana kamba ya kupimia, fremu ya mraba na kipimajoto.

Hapo ndipo hukuta kwamba pwani ilikuwa na elimu kabla yake. Yale maji makubwa aliyoyakokotoa kwa kalamu, mvuvi anayaita bamvu, na huyajua kwa kuhesabu siku za mwezi. Yale madogo anayaita maji mafu. Pepo zinazogeuza mikondo zina majina, kusi na kaskazi. Miti ambayo kitabu kinaipa majina ya Kilatini, mkata boriti anaitenga mmoja mmoja: mkoko, mchu, msindi, mkandaa, mlilana, mkomafi. Anajua upi ni wa nguzo, upi wa kuni na upi wa mataruma ya jahazi. Mwanafunzi atakayeingia delta ya Rufiji, penye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, asimkaribishe mzee huyo kama mchukuzi wa mizigo. Amwamkie kama mwalimu wake wa pili.

Hata hivyo, ni kosa vile vile kudhani kwamba elimu ya wazee inatosha peke yake. Bahari inabadilika. Mwaka 1998 joto kali lilipiga upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa. Wavuvi waliuona weupe huo kwa macho yao, lakini hawakuwa wamerithi maneno ya kuueleza. Sayansi ndiyo iliyoeleza kwamba tumbawe ni mnyama anayelishwa na mimea midogo mno iishiyo mwilini mwake. Joto likizidi, huitoa mimea hiyo, na lisipopungua mapema hufa kwa njaa. Balaa hilo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Mvuvi anajua samaki wake hukaa wapi. Kwa nini nyumba yao inabomoka, hapo ndipo anapomhitaji msomi, na msomi akimkosa mvuvi hatajua hata pa kuanzia kupima.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mwani. Katika miaka ya 1970, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mmea huo na kuhimiza ulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Wakulima walio wengi wakawa wanawake. Kwa kamba na vigingi tu, mwanamke aliweza kusomesha watoto, kununua bati la nyumba na kushika fedha yake mwenyewe. Huo ni utafiti uliotoka kitabuni ukaingia jikoni.

Lakini mwani una aina mbili, na ile yenye bei nzuri, kotonii, ndiyo isiyostahimili joto. Huko Unguja, siku za bamvu, maji hupwa mno kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wakati wa kaskazi, jua huyakuta maji machache yaliyosalia juu ya mchanga na kuyachemsha. Matawi ya mwani hugeuka meupe, hulainika, hukatika na kuchukuliwa na maji. Tangu miaka ya 2000, mashamba mengi ya kotonii yalikufa namna hiyo.

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu hicho hicho, walikaa na wakulima na kujaribu kuupeleka mwani kwenye kina kirefu, ukiwa ndani ya nyavu. Kisayansi jambo hilo ni sahihi, kwani maji ya kina ni baridi zaidi. Ila mara likazuka swali ambalo kipimajoto hakiwezi kulijibu: wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea, wala hawana vyombo. Nani basi atakayeufuata mwani huko kilindini? Bila mafunzo ya kuogelea na bila mashua, ushauri ulio sahihi ungemnyang'anya mama shamba lake na kumkabidhi mwenye chombo.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana budi kulishika somo hilo kabla hajavaa joho. Bahari anayoisomea ina watu ndani yake. Akipima joto la maji asiulize nani anayesimama ndani ya maji hayo, kazi yake ni nusu.

Tena kuna jambo la lugha. Mwaka wa mwisho mwanafunzi huandika taarifa ya utafiti kwa Kiingereza. Taarifa husahihishwa, hupewa alama, kisha hulala kabatini. Kijiji kilichomkaribisha, kikamwazima mtumbwi na kumjibu maswali yake mchana kutwa, hakisikii tena habari. Hiyo si shukrani. Yafaa kila mwanafunzi aandike pia kurasa mbili za Kiswahili, arudi nazo kijijini, azisome barazani mbele ya wale wale aliowahoji, na wapewe nafasi ya kumkosoa. Asiseme kwamba maneno hayapo. Aliyemfundisha bamvu na mlilana hakumfundisha kwa Kiingereza.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Jamaa waliouliza swali lile la kwanza wangali wanangoja jibu. Siku mhitimu atakaposimama barazani, mkulima wa mwani akamwelewa, akambishia, kisha wakakubaliana wapi pa kuchomeka kigingi msimu ujao, jibu litakuwa limepatikana.