Piki inalala wapi? Maneno juu ya kuchunga vyombo vyetu vikiwa vimesimama

Tunajua kwamba siku moja bila kufika shambani ni deni, kwa hiyo hatutazungusha maneno.

Tunapotembelea familia zilizorudi, tuko na maulizo yetu ya kawaida. Maji mnachota wapi? Watoto wanasoma wapi? Mgonjwa anapelekwa wapi? Siku hizi tumeongeza ulizo moja ambalo linachekesha watu: "Na piki, yenyewe inalala wapi?" Wengine wanajibu: "Si inalala inje tu, mulitaka tuitandikie kitanda?" Tunacheka pamoja, kisha tunaeleza kwa nini tunauliza. Leo tunawaeleza ninyi wote mara moja.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe

Wengi walio hapa walianza kukimbia tangu Oktoba 2014, mauaji yalipozidi pande za Beni. Wengine walikimbia mara mbili, mara tatu. Mtu alitoka Mbau akafika Beni, akatoka Beni akafika Butembo, kilometa 54, akapanga chumba kimoja na watoto saba. Na kurudi hakukuwa kwa siku moja. Kwanza mtu anaenda asubuhi kuangalia kakao yake, jioni anarudi mjini. Kisha analala huko siku mbili. Kisha anapeleka mama na watoto. Katika kurudi kwa vipande vipande namna hii, chombo cha magurudumu ndicho daraja. Kikikosekana, shamba liko mbali sawa Kinshasa.

Njo maana tulipatia kikundi kimoja cha familia kumi na mbili, za barabara ya Mbau kwenda Oicha, trisikli moja. Ilibeba kakao, ndizi, mbao za kujengea, na usiku mmoja ilibeba mama mwenye uchungu mpaka hospitali. Katika karatasi zetu za mradi kulikuwa mstari wa mafuta, mstari wa dereva, mstari wa pine, mstari wa fundi. Mstari wa kufuli haukuwepo. Kati yetu sisi tuliosoma, hakuna hata mmoja aliyeuliza italala wapi.

Ililala katika parseli moja mjini Beni, chini ya muembe, usukani umefungwa kwa ufunguo wake tu. Usiku wa siku ya posho ilinyesha mvua kubwa. Ninyi mnajua mvua juu ya mabati: hata mtoto akilia pembeni yako humsikii. Wezi hawakuwasha moto. Waliisukuma kwa mikono. Asubuhi tulikuta mistari mitatu ya pine katika matope, inaenda mpaka kwenye lami, na hapo ikaishia.

Kakao ya msimu ule ilibebwa kwa mgongo, kwa kamba ya kichwani. Ile isiyobebeka iliuzwa palepale shambani, kwa bei anayotaka mnunuzi. Familia mbili zilichoka, zikarudi Butembo katika chumba cha kupanga. Kuna jambo lingine baya zaidi lililotokea, tutalisema mwishoni.

Mwizi anahitaji vitu vitatu

Tumezungumza na wamotari, na mafundi, na wazamu wa usiku, na watu walioibiwa. Wote walisema mambo yanayofanana. Mwizi wa chombo kilichosimama anahitaji vitu vitatu: muda, kimya, na njia ya kutokea. Si lazima umnyime vyote vitatu. Ukimnyima kimoja vizuri, mara nyingi anaenda zake.

Jambo la kwanza: funga chombo kwenye kitu kisichotembea. Kufuli ya usukani ni ndogo. Wanaume wawili wenye nguvu wanakaza usukani, inavunjika. Na hata isipovunjika, piki wanaibeba juujuu na kuitupa katika gari. Kwa hiyo pitisha mnyororo mzito katika gurudumu la nyuma pamoja na mwili wa piki, usipitishe katika gurudumu la mbele peke yake, kwa sababu la mbele linafunguliwa kwa ufunguo mmoja wa fundi na mwizi anakuachia gurudumu lako na mnyororo wako. Kisha uzungushe kwenye mti ulio hai, au kwenye nguzo ya nyumba. Kama hakuna, chimba shimo la magoti, weka ferabeto iliyokunjwa kama pete, mwaga simenti. Pete moja inatosha piki tatu za majirani.

Mnyororo usilale chini. Ukilala chini, mwizi anaukandamiza kwa udongo au jiwe na kuupiga nyundo, au anatumia uzito wa mwili wake juu ya mkasi mkubwa wa kukata chuma. Ukining'inia juu na umekazwa, hana pa kuegemea. Tundu la kufuli liangalie chini, na ulifunike kwa kipande cha mpira wa ndani wa pine, ili mvua isilete kutu.

Mtu atasema: "Mnyororo ni bei." Ndiyo, ni bei. Lakini piga hesabu upande wa pili: deni la piki katika AVEC unalilipa miezi mingapi? Na piki ikiibiwa, deni haliibiwi. Linabaki.

Jambo la pili: kifanye chombo kiwe kizito au kiwe bubu. Piki na trisikli, ondoa waya ya buji usiku, uingie nayo ndani. Au fundi akuwekee kontakte ya kujificha, mahali unapojua wewe tu na mke wako au mume wako. Batri ya trisikli inatoka, itoe. Mwizi wa haraka hana muda wa kutafuta kinachokosekana.

Remorki haina moto wala ufunguo, ndiyo sababu watu wanaisahau. Huko Ulaya na Marekani kuna watu walio na remorki kubwa kama nyumba, ndani mna kitanda na jiko, zinasimama mahali pamoja miezi mingi, na nao wanaibiwa. Dawa yao ni ya akili ya kawaida, na sisi tunaiweza: ndoana ya kuvutia inafungiwa kufuli ili mtu mwingine asiifunge kwenye gari lake, ndoana inasimama ikiangalia ukuta, na gurudumu moja linabanwa, ama linaondolewa kabisa. Remorki yetu ya kuvutwa na piki, toa ule msumari mnene wa ndoana, geuza mdomo wake kwa ukuta, na unganisha magurudumu yote mawili kwa mnyororo mmoja.

Chukudu nayo tusiidharau. Kule Goma wameisimamishia sanamu, na kweli imelisha watoto wengi. Ni mbao, si chuma, lakini anayeibiwa chukudu ameibiwa kazi. Toboa tundu moja katika mbao nene, pitisha mnyororo. Wengine wanatoa gurudumu la mbele na kulala nalo. Na kinga, mambo ni yaleyale ya piki.

Jambo la tatu: usiku uwe na macho na masikio. Taa ndogo ya jua inayomulika mahali pa chombo. Mikebe mitupu juu ya kamba, mzee mmoja wa Oicha alitufundisha hiyo, na haigharimu kitu. Mbwa, kama mnaweza kumlisha. Lakini kilicho bora ni kukaa pamoja. Parseli tano za jirani zikichagua parseli moja yenye uzio mzuri, vyombo vyote vikalala humo, wakalipa zamu mmoja kwa pamoja, kila mtu atatoa kidogo. Zamu awe na daftari: nani ameingiza, saa ngapi, nani ametoa. Na zamu alipwe. Zamu asiyelipwa miezi mitatu, mnamwomba achunge mali yenu kwa njaa yake.

Neno juu ya kulala na piki chumbani

Tunajua wengi wanaingiza piki katika chumba cha kulala. Tumeona mtoto amelala nusu mita na tangi. Hatuwalaumu, lakini tusikilizane vizuri. Mafuta yanatoa mvuke hata kama huoni kitu kinachovuja, na mvuke huo unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Kwa hiyo katika chumba chenye piki pasiwe na mbabula, pasiwe na koroboi, pasiwe na mshumaa, na mtu asivute sigara. Funga robine ya mafuta. Usiweke bidon ya akiba humo. Usiizime piki na kuiingiza ikiwa bado ina moto. Iache ipoe inje kwanza. Na isizibe mlango: hapa kwetu mtu anaweza kuhitaji kutoka usiku kwa mbio, ninyi mnajua kutushinda.

Karatasi nazo ni kufuli

Kila chombo cha moto kiko na namba ya shasi, imepigwa kwenye chuma cha mwili wake, na namba ya moteri. Leo jioni chukua taa, ziandike. Piga picha ya chombo, picha ya namba, picha ya karatasi za kununulia. Weka alama yako mahali pasipoonekana, chini ya kiti au ndani ya boksi. Ushirika wetu utakuwa na daftari moja, na kila mwanachama atakuwa na ukurasa wake. Mtu asiyejua namba ya piki yake, akienda polisi, anaeleza rangi. Na piki nyekundu, Butembo na Beni, ziko ngapi?

Upande wa kununua pia: ukiletewa piki ya bei ya ajabu, haina karatasi, mwenye kuuza anaharakisha, jua kwamba kuna mtu mahali fulani analia. Sheria inamfuata pia anayenunua mali ya wizi. Na bila wanunuzi, wezi wataiba kwa ajili ya nani?

Ikiibiwa tayari

Kwanza, uhai. Tumesema juu ya chombo kilichosimama na mwizi anayekuja kimya. Anayekuja na silaha ni habari nyingine. Mpatie ufunguo. Usimfuate gizani. Piki inanunuliwa tena.

Kukicha, usisafishe mahali. Ita mkubwa wa avenyu aone. Nenda polisi na ile namba yako, uombe karatasi ya mashitaka iandikwe. Julisha ushirika wa wamotari mara moja, kwa sababu wako barabarani pande zote, kuelekea Kasindi mpakani na Uganda, kuelekea Lubero, kuelekea Oicha. Saa za kwanza ndizo zenye maana. Kesho yake piki inaweza kuwa imekwisha kufunguliwa vipandevipande.

Lile tulilosema tutalisema mwishoni

Trisikli yetu ilipopotea, watu walitafuta mtu. Katika ile parseli kulikuwa kijana mmoja aliyezoea kulala barazani. Alikuwa mgeni, naye amekimbia kijiji chake, hana mjomba wala shangazi hapo mjini. Usiku ule hakuwepo. Watu wakasema: "Njo yeye. Kama si yeye, alikuwa wapi?" Walimpiga. Tulifika tukakuta matairi yameletwa, na ninyi mnajua matairi yanaletwa kwa kazi gani. Mama mmoja wa kikundi, mwenye trisikli sawa sisi, alisimama mbele yake na kusema: "Mukimuchoma, munichome na mimi." Njo ilimwokoa.

Siku ya pili tulipata karatasi ya hospitali. Usiku ule kijana alikuwa anamlinda mama yake mgonjwa. Alisaini kuingia, muuguzi alimwona mpaka asubuhi. Tulienda kumwomba msamaha, sisi na wazee wa kikundi. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hakusema neno. Wiki iliyofuata aliondoka, na hadi leo hatujui yuko wapi.

Trisikli haijaonekana. Lakini tukiulizwa siku ile tulipoteza nini, hatuanzi na trisikli. Kufuli tusiyoinunua ilitugharimu chombo. Hasira yetu ilikaribia kutugharimu mtu, na ilitugharimu jirani. Kwa hiyo tunawaomba kama tunavyojiomba sisi: anayeshukiwa apelekwe mbele ya wakubwa na sheria, hata kama tunaona sheria inakwenda polepole. Sisi tuliokimbia watu wanaoua, tusirudi nyumbani na mikono kama yao.

Tunachopendekeza

Mambo matatu, mkubali au mkatae leo. Moja: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama alete namba ya shasi na picha. Mbili: katika kila kikundi, sehemu ndogo ya sanduku la msaada inunue minyororo na makufuli, mtu alipe kidogo kidogo. Tatu: kila kartie ichague parseli moja ya kulaza vyombo, na zamu wa kulipwa.

Kwa upande wetu, mstari wa kufuli sasa uko katika kila karatasi ya mradi tunayoandika. Ulichelewa, lakini uko.

Sasa tunasikiliza maulizo, na la kwanza tunaliuliza sisi: usiku wa leo, chombo chako kinalala wapi?