Kupima Dawa ni Kuilinda Tiba ya Jadi



Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza kwamba wanawake waliotumia dawa za kupunguza unene zenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo. Hatimaye wagonjwa walizidi 100. Chanzo kilikuwa kufanana kwa majina: mahali pa mzizi wa fangji paliwekwa guang fangji, wenye asidi ya aristolokia, sumu iletayo pia saratani.

Mizizi ikishakatwa na kukaushwa, jicho hudanganyika. Maabara haidanganyiki upesi: dondoo la dawa hutenganishwa juu ya bamba la silika, na madoa yake hulinganishwa na ya mzizi halisi.

Basi, ndugu zangu, kupima si kuidharau tiba ya jadi. Ni kuilinda heshima yake, pamoja na uhai wa anayeiamini.