Jembe Haliliwi na Kazi, Linaliwa na Kutu

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Unguja)



Leo hatukuja kusoma herufi. Herufi mnazijua. Tumekuja kuzungumza habari ya chuma: jembe, panga, mundu, shoka, msumeno, tezo, kisu cha jikoni na kibao cha mbuzi. Vyombo hivi tunavinunua kwa taabu, na baadhi yetu tunavinunua kwa mkopo.

Je, nani katika sisi amelitupa jembe kwa sababu limekwisha kwa kulima? Wachache. Jembe la mkulima khasa huisha kidogo kidogo, likawa fupi kama kiganja. Hilo limekula chumvi nyingi kwa maana nzuri, limefanya kazi yake. Lakini majembe mengi hayafiki huko. Yanakufa yamesimama kona ya nyumba, wala hakuna aliyeyagusa. Masika yakija tunakwenda kuyachukua, kumbe yamekuwa mekundu na yanabanduka magamba.

Kutu ni kitu gani? Kutu ni chuma kilichoshikana na hewa na maji. Vyote vitatu lazima vikutane: chuma, hewa, na maji. Ukiondoa kimoja, kutu haiji. Chuma hatuwezi kukiondoa, ndicho jembe lenyewe. Basi kazi yetu ni kuzuia maji na hewa visikifikie.

Sasa sisi watu wa kisiwani tuna adui wa nne. Adui huyo ni chumvi. Hebu tazameni chumvi ya jikoni wakati wa mvua. Umeiacha kavu jioni, asubuhi imelowa, na wala hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi inakunywa maji kutoka katika hewa. Upepo wa bahari, ukiwa wa kusi au wa kaskazi, unachukua chumvi na kuiweka juu ya kila kitu. Ikikaa juu ya panga lako, itakunywa maji hapo hapo juu ya panga. Chuma kinakuwa kimelowa siku nzima, nawe unakiona kikavu. Tena maji ya chumvi yanaharakisha kutu kuliko maji matamu. Ndiyo maana jembe la Makunduchi au la Jambiani linaingia kutu upesi kuliko jembe la mtu wa bara aliye mbali na bahari.

Na jasho pia lina chumvi. Mkono uliotoka jasho ukiushika msumeno uliosafishwa, kesho utaona alama za vidole, nyekundu.

Asiyetuamini na ajaribu mwenyewe. Chukua misumari minne mipya isiyo na rangi ya bati, na vikombe vinne. Msumari wa kwanza uweke katika kikombe kikavu, ukifunike vizuri. Wa pili utie katika maji ya mvua, nusu ndani ya maji na nusu juu. Wa tatu utie vivyo hivyo katika maji ya bahari. Wa nne upake mafuta mazito, halafu nao utie katika maji ya bahari. Andika tarehe katika karatasi. Tazama baada ya siku saba, uandike ulichokiona. Watoto wa skuli waiteni nao watazame.

Kuna watu wanasema, "Mbona shaba haili?" Ukipita Mji Mkongwe utaona milango mikubwa yenye njumu za shaba. Mengine ni ya miaka mingi sana, na njumu zipo. Shaba nayo hubadilika, huwa nyeusi au huota ukijani. Lakini ule ukijani hukaa kama ngozi, ukaifunika shaba ya chini. Kutu ya chuma haina wema huo. Inafura, inabanduka, inaanguka, na chuma kipya kinabaki wazi ili nacho kiliwe.

Huko kufura ni jambo kubwa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Chuma kilicho ndani ya ukuta au zege kikiingia kutu, kinaupasua ukuta kutoka ndani. Wengi wetu tunaijua Beit el Ajaib pale Forodhani, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, yenye nguzo za chuma. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo hilo ilianguka, na watu wawili walifariki. Jengo lilikuwa la zamani na lilikuwa katika matengenezo, wala hatusemi kwamba kutu peke yake ndiyo iliyoliangusha. Tunasema tu kwamba chuma karibu na bahari kinataka kuangaliwa, kiwe nguzo ya jumba au kiwe kisu. Na anayejenga leo kwa mchanga wa ufukweni, akatia nondo ndani yake, anatia chumvi na chuma katika shimo moja. Hilo tutalizungumza siku nyengine, maana lina maneno mengi.

Turudi kwenye vyombo vyetu vya mkono.

Ukitoka shamba, usiliegemeze jembe ukutani likiwa na udongo wake. Udongo unashika maji kama sifongo. Ukwangue kwa kijiti. Lioshe jembe kwa maji matamu. Hapa tusisitize: maji matamu. Visima vingi vya pwani ya mashariki na kusini vina maji ya chumvichumvi, na kuosha panga kwa maji hayo ni afadhali usioshe. Maji ya mvua yaliyokingwa ni mazuri. Kama maji matamu ni ya shida, basi futa kwa kitambaa kikavu, inatosha kwa siku hiyo. Mwenye kisu cha kupasulia samaki, au kichuma cha kuchokolea pweza, huyo hana ruhusa. Lazima aoshe kwa maji matamu siku ile ile, maana chombo chake kimetoka ndani ya bahari yenyewe.

Kisha kausha. Jua la nusu saa linatosha. Usisahau tundu la jembe pale mpini unapoingia. Pale maji hujificha, na pale ndipo majembe mengi hukatika.

Halafu mafuta. Mafuta kidogo tu juu ya kitambaa, upake uso wote mpaka ung'are. Si lazima yatiririke. Mafuta yanazuia maji na hewa visikifikie chuma, na hiyo ndiyo kazi yake yote.

Mafuta gani? Kwa vyombo vya shamba, oili mpya ya injini au grisi ni nzuri, na chupa moja hukaa muda mrefu. Watu wengi hutumia oili chafu iliyomwagwa gereji kwa sababu ni ya bure. Sisi hatuipendi. Ina masizi na uchafu wa injini, nayo ni mbaya kwa ngozi ikikugusa kila siku. Mafuta ya taa yanasaidia kulegeza kutu, lakini hukauka upesi na kukiacha chuma wazi. Tena yanashika moto.

Kwa vyombo vya jikoni, kama kisu na mbuzi ya kukunia nazi, usipake oili hata siku moja. Hapo tumia mafuta ya nazi yaliyopikwa yakaiva, yasiyobaki na maji. Ubaya wake ni kwamba yakikaa sana huchacha na kunata, kwa hiyo yafute na upake mapya kila wiki. Ukipata nta ya nyuki safi, utafanya dawa nzuri zaidi. Chukua kipimo kimoja cha nta na vipimo vitatu vya mafuta ya nazi. Tia katika kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Ikipoa inakuwa kama samli iliyoganda. Paka nyembamba. Dawa hii inashika kuliko mafuta matupu.

Mafundi wa majahazi wa Nungwi wanajua mambo haya tangu zamani. Kazi yao iko ufukweni, bahari iko pale miguuni. Msumari wanauzungushia pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuugonga katika ubao, ili maji yasipate njia. Na ulitazame tezo la fundi anayechonga kila siku: linang'aa. Chombo kinachofanya kazi kinasuguliwa na kazi yenyewe. Kinachooza ni kile kinachongoja.

Basi tukiweke wapi? Si chini sakafuni, wala si kuegemea ukuta wa mawe na chokaa. Ukuta huo unavuta maji kutoka chini, na wenye nyumba za Mji Mkongwe wanajua nguo zinavyooza kabatini. Tundika juu, karibu na dari, penye kupitisha hewa, chombo kisiguse ukuta. Usikitie chombo kilicholowa ndani ya mfuko wa plastiki ukaufunga, maana umefungia maji ndani. Na usiweke majembe chumba kimoja na magunia ya chumvi au mbolea ya viwandani. Mbolea nayo ina chumvi zake.

Kama kutu imekwisha ingia, usikate tamaa. Kutu nyepesi isugue kwa kumbi la nazi lililo kavu na mchanga laini. Lakini angalia: kumbi lisiwe lile lililofukiwa pwani kwa ajili ya kamba, na mchanga usiwe wa ufukweni. Vyote viwili vina chumvi, na utakuwa unatibu kidonda kwa kukitia sumu. Chukua mchanga wa shamba ulionyeshewa mvua nyingi. Kutu nzito inataka siki au maji ya ndimu. Toa mpini, loweka chuma kwa saa chache, usikiache siku nyingi, maana ukali ule unakula na chuma chenyewe. Sugua, osha kwa sabuni na maji matamu, kausha papo hapo, paka mafuta kabla hujafanya jambo jengine. Ukichelewa hata saa moja, utaona wekundu umerudi. Vivyo hivyo baada ya kunoa: makali mapya hayana kinga.

Neno moja juu ya afya. Watu husema kutu inaleta pepopunda. Si kutu. Pepopunda inaletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na kinyesi cha wanyama. Lakini chombo chenye kutu kina mashimo yanayoshika udongo, na jeraha lake huwa la kina. Ukichomwa na chuma cha shamba, kiwe na kutu au kisiwe nayo, osha jeraha kwa sabuni na maji, nenda kituo cha afya ukaulize habari ya chanjo.

Sasa tuje kwa vikundi vya ushirika, maana hapa ndipo penye hasara kubwa. Jembe la mtu mmoja lina mwenyewe. Jembe la kikundi kila mtu anadhani mwenzake ndiye atakayelifuta. Tumeona ghala moja, hatulitaji, majembe ya msaada yamerundikwa na udongo wa msimu uliopita. Wanachama walikuwa wanaandika barua ya kuomba mengine.

Tufanye hesabu. Tuseme jembe moja ni shilingi 15,000 na kikundi kina majembe 20. Hiyo ni 300,000. Yakiachwa na kutu yakadumu miaka 2, katika miaka 6 mtanunua mara tatu: 900,000. Yakitunzwa yakadumu miaka yote 6, mtanunua mara moja: 300,000. Tofauti ni 600,000. Mafuta na vitambaa, tuseme 5,000 kwa mwezi, ni 60,000 kwa mwaka, na 360,000 kwa miaka 6. Zimebaki 240,000 mfukoni, na majembe makali juu yake. Mtu akisema bei ya kwao si hiyo, abadilishe tarakimu, hesabu ni ile ile.

Kikundi kinunue daftari moja na kuchagua mtunza zana anayejua kuandika. Sasa wapo wengi. Kila ukurasa upigwe mistari ya safu sita: tarehe, chombo na namba yake, jina la aliyechukua, siku aliyorudisha, kimefutwa au hakikufutwa, kimepakwa mafuta au hakikupakwa. Namba ichongwe katika mpini kwa kisu, isiandikwe kwa chaki. Anayerudisha chombo kichafu asipokelewe. Akae pale pale akifute, ndipo jina lake likatwe. Kila mwisho wa wiki mtunza zana na mwanachama mmoja, kwa zamu, wavishushe vyombo vyote, wavitazame, waandike vingapi vizima na vingapi vimeshika kutu. Na lile jembe lililokwisha liwa kabisa wasilitupe, wampelekee mhunzi. Penye chuma kizima atakata kisu au kijembe cha kupalilia bustani, na hicho nacho kiandikwe daftarini, kipewe namba yake.