Taa Zilizofubaa: Mazungumzo na Wenye Magari wa Tabora



Leo tunazungumzia kitu ambacho mwenye gari hukipita kila asubuhi bila kukitazama: kioo cha taa ya mbele kilichogeuka rangi kikawa cha manjano, au kilichofunikwa na utando kama ukungu. Tutaeleza chanzo chake, hatari yake, namna ya kukisafisha nyumbani, na haki za mlaji anaponunua dawa, huduma au taa nyingine.

Mji huu umezoea wasafiri tangu kale. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857, na Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu na vitambaa katika njia hiyo, walianza mwendo alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Giza lilipoingia, msafara ulikuwa kambini. Sisi wa leo tumeacha desturi hiyo. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, na barabara za Nzega, Urambo, Sikonge na Manyoni hupitiwa saa zote. Katika barabara hizo hizo hupita waendesha baiskeli wenye magunia ya mkaa, watembea kwa miguu na mifugo, na wengi wao hawana taa hata moja. Usalama wao umo katika taa zetu.

Tuanze na chanzo. Magari ya zamani yalikuwa na taa za kioo halisi. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wengi walihamia kwenye plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, kwa kuwa ni nyepesi na haivunjiki upesi kokoto inapoigonga. Udhaifu wake ni kwamba haistahimili mionzi ya jua. Kwa sababu hiyo kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kinga. Jua huila kinga hiyo mwaka hadi mwaka, na ikiisha, plastiki yenyewe huanza kugeuka rangi. Tabora iko takribani nyuzi tano kusini mwa Ikweta, na mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali. Vumbi na mchanga wa barabara za vijijini huongeza mikwaruzo. Zaidi ya hayo, magari yetu mengi yameingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kinga hiyo huwa imechakaa kabla mnunuzi hajakabidhiwa ufunguo.

Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana mchana. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofubaa, kikaona kwamba zilitoa takribani asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Tufanye hesabu ndogo. Mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukibaki moja ya tano, umbali ambao dereva huona kitu vizuri hushuka chini ya nusu. Tuseme taa nzuri inamwonyesha mwendesha baiskeli akiwa mita 60 mbele. Taa iliyofubaa itamwonyesha akiwa mita 27 hivi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama kwenye lami kavu, tangu dereva anapoiona hatari. Hata kwa kilomita 60 kwa saa, mita 27 hazitoshi. Dereva huyo atakuwa hajalewa wala hajakiuka mwendo, na bado hataweza kumwokoa aliye mbele yake.

Kabla ya kugusa taa, fanyeni uchunguzi wa mambo matatu. Kwanza, gongeni kwa ukucha: mlio mkali ni wa kioo halisi, na mlio mzito ni wa plastiki. Msasa tutakaoueleza ni wa plastiki peke yake. Kioo halisi utakiharibu. Pili, lowesheni taa kwa maji. Iking'aa ikiwa imelowa na kufifia ikikauka, tatizo liko nje, nanyi mnaweza kulitibu. Isipobadilika, au mkiona matone ya maji kwa ndani, taa inavuja au imeharibika ndani, na kusugua nje hakutasaidia. Tatu, tazameni kama plastiki ina nyufa. Nyufa hazisuguliki, taa hiyo ni ya kubadilishwa.

Ikiwa tatizo liko nje, kazi yenyewe huchukua saa moja au mbili, kivulini, taa zikiwa zimepoa.

Osheni taa kwa maji na sabuni mpaka mchanga wote utoke, kwani chembe moja iliyobaki itachora mikwaruzo mipya. Zungusheni pembeni utepe wa karatasi wenye gundi, ule wautumiao mafundi rangi, ili msasa usiguse rangi ya gari. Kisha chukueni msasa wa maji, namba 1000. Uloweni, na mwagieni taa maji wakati wote wa kusugua. Sugueni kwa mkono mwepesi, upande mmoja wa mwelekeo, mpaka maji yenye umanjano yaache kutoka na uso wote uwe mweupe kwa usawa. Msiogope weupe huo. Ni dalili kwamba tabaka bovu limeondoka. Fuateni na namba 2000 kwa kukatisha mwelekeo wa kwanza, kisha 3000 ikipatikana. Kausheni, halafu ng'arisheni kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia rangi ya gari mpaka muone balbu waziwazi.

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo wengi huiacha, nayo ndiyo yenye kudumisha kazi yote: kupaka kinga mpya ya mionzi ya jua iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki ya taa. Msasa umeondoa kinga iliyobaki ya kiwandani. Plastiki isipovikwa nyingine, itafubaa tena baada ya miezi michache, pengine upesi kuliko mwanzo. Asiyeweza kununua kinga leo ni heri angoje mpaka aipate, ndipo aanze kusugua.

Usiku unaofuata, simamisheni gari mahali tambarare mbele ya ukuta, mtazame kama taa zote mbili zinapiga usawa mmoja. Taa iliyong'aa na kuelekezwa juu humpofusha dereva anayekuja.

Ziko njia za mkato zinazosifiwa sana. Dawa ya meno husugua kidogo na kuleta mng'aro, lakini haiachi kinga yoyote. Mafuta hujaza mikwaruzo kwa siku chache, kisha huoshwa na mvua. Petroli, tina na dawa za kufukuzia mbu hulainisha plastiki na huweza kuipasua, tunawasihi msizitumie. Vilevile, kufunga balbu kali kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari si tiba. Joto lake huunguza kiakisi kilichomo ndani, na mwanga unaopita kwenye utando hutawanyika machoni mwa wengine.

Sasa tuseme juu ya fedha zenu. Katika kipimo cha AAA tulichokitaja, usafishaji ulirudisha mwanga hadi takribani asilimia 70. Hivyo mtu akiwaahidi kwamba taa itakuwa sawa na mpya, anaahidi asichoweza kutimiza. Kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni maswali mawili: atapaka kinga gani baada ya kusugua, na kazi hiyo ataidhamini kwa muda gani. Asiyekuwa na jibu la swali la kwanza anauza mng'aro wa wiki chache. Mnaponunua dawa, someni jina la mtengenezaji, maelekezo ya matumizi na tarehe ya mwisho ya kutumika. Daini risiti ya EFD, mwihifadhi pamoja na kifungashio.

Anayenunua gari lililotumika afute taa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, angoje zikauke, ndipo apatane bei. Mng'aro wa mafuta utaondoka hapo hapo mbele ya muuzaji. Tena asilione gari hilo mchana peke yake. Aombe kuliwasha baada ya magharibi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au huduma. Mkipotoshwa, mrudieni muuzaji kwanza, mkiwa na risiti na picha za taa kabla na baada ya kazi. Asipowasikiliza, pelekeni malalamiko yenu kwa maandishi Tume ya Ushindani, mkitaja tarehe, kiasi mlicholipa na ahadi mliyopewa. Malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi zaidi, na huwanufaisha pia wanunuzi watakaofuata.

Tunawaomba jambo moja kabla hatujaachana. Jioni ya leo, kila mmoja awashe taa za gari lake, asimame hatua 30 mbele yake, avitazame vioo vyake. Akiona umanjano, aahirishe safari ya usiku mpaka avisafishe.