KITAKO CHA BUNDUKI YA KIJIJI
(Maneno ya mlinzi wa mashamba mkutanoni)

Ndugu wanachama, kitako cha bunduki yetu kimepasuka shingoni. Kukifunga waya hapana! Kikikatika nikifyatua, taya langu ndilo litakalolipa.

Wengine mwasema tuchonge cha mwembe, upo hapo nyuma ya ghala. Mti mbichi husinyaa, chuma kikaanza kucheza ndani. Mninga mkavu ni bora, haupindi ovyo. Ila nyuzi zake zifuate shingo, zisikatize, maana hapo ndipo panapovunjika. Mpingo je? Mzito mno, nani ataubeba usiku kucha!

Tukipata kitako cha zamani cha Lee-Enfield .303, tutazame herufi juu yake: S ni kifupi, L kirefu, cha kawaida ni N au hakina alama. Hupishana nusu inchi tu, lakini bega linajua. Mimi mfupi, naomba S.

Tena, asije kijana na bisibisi. Kwa aina hii yetu ya zamani, mbao ya mbele hutoka kwanza. Ukianza kuzungusha bolti ya kitako, ncha yake ya mraba itaipasua hiyo ya mbele, tuwe na hasara mbili. Iende kwa fundi mwenye kibali, bila risasi, na leseni yake.

Mahindi yameanza kubeba na nguruwe wameshapita mtoni. Kamati iamue Jumamosi hii.