Mariamu: Maana, Umbo na Umaarufu wa Jina la Kiebrania katika Pwani ya Tanga



1. Utangulizi

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Moa hadi Tanga mjini, Tongoni na Pangani, na katika nchi ya Bonde wilayani Muheza, Mariamu ni miongoni mwa majina ya kike yanayosikika sana. Huitwa hivyo binti wa Kiislamu na binti wa Kikristo. Hata hivyo, jina hili linalotamkwa kwa namna moja nyumbani huandikwa kwa namna nyingi kwenye karatasi: Mariamu, Mariam, Maryam, Miriam. Mwalimu mmoja huikata irabu ya mwisho akidhani anasahihisha. Karani mwingine huirejesha. Mtoto akikua, cheti cha kuzaliwa hakilingani na cheti cha shule, naye hulazimika kula kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Mhadhara huu unachunguza asili na umbo la jina hilo, na kutetea hoja kwamba Mariamu ni neno kamili la Kiswahili, lisilohitaji kusahihishwa.

2. Asili na maana

Mtu wa kwanza kutajwa kwa jina hili katika maandiko ya Kiebrania ni dada yao Musa na Haruni. Kuhusu maana, wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na uchungu, wapo wanaolihusisha na uasi, na wapo wanaolitafuta Misri ya kale, katika mzizi wenye maana ya kupenda. Dhana ya uchungu huenda ilipata nguvu kutokana na ujirani wa masimulizi: sura ya 15 ya Kutoka inayomtaja dada huyo ndiyo inayotaja pia maji machungu ya Mara. Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini aliyefariki mwaka 420, alilifasiri kuwa tone la bahari. Inadhaniwa kwamba wanakili waliligeuza tone likawa nyota.

Kwa msikilizaji wa pwani, jina lenye maana ya uchungu si jambo geni. Tabu, Shida na Mashaka ni majina ya watu, na kila moja hudokeza hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa. Lakini anayemwita bintiye Mariamu hakusudii uchungu wala uasi. Maana ya jina katika kamusi ya Kiebrania na maana yake katika kinywa cha mzazi ni mambo mawili, na mtafiti asiyeyatenganisha atapotea.

3. Utohozi wa jina

Umbo la Kiebrania lililotiwa alama za irabu katika zama za kati ni Miryam. Hata hivyo, tafsiri ya Kigiriki ya Torati iliyofanywa katika karne ya 3 kabla ya Kristo huandika Mariam, nayo Kisiriaki na Kiarabu vina Maryam. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Kiebrania huiona irabu a ya silabi ya kwanza kuwa ya kale zaidi kuliko i. Basi bibi wa Pangani anayesema Mariamu, katika silabi hiyo, yuko karibu na matamshi ya kale kuliko anayemsahihisha aseme Miriam.

Kuhusu irabu ya mwisho, kanuni iko wazi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Neno la kigeni likiishia na konsonanti ya midomo, aghalabu hupewa u: salamu, kitabu, Adamu, Yakubu, Yusufu. Likiishia na konsonanti ya ufizi, aghalabu hupewa i: wakati, habari, Daudi, Haruni, Danieli. Tena, mfuatano ry haukuzoeleka katika Kiswahili, hivyo i hujitegemea na kuwa silabi. Silabi mbili za Maryam zikawa nne, Ma-ri-a-mu, na mkazo ukatua pale unapotua siku zote, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hakuna kosa hapo. Hiyo ni sarufi ikifanya kazi yake.

4. Umbo la jina na dini

Majina ya manabii yamepita njia tofauti katika tafsiri za Biblia. Karl Roehl, mmisionari aliyewahi kufanya kazi Usambara, alichapisha Biblia mwaka 1937 akikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ilibaki na Musa, Ibrahimu na Sulemani, majina ambayo Waislamu wa pwani walikuwa nayo tayari. Mama wa Yesu humo ni Mariamu, na dada wa Musa ni Miriamu. Biblia Habari Njema, ya miaka ya 1990, ina Mose, Abrahamu, Solomoni na Maria. Ndivyo jina moja linavyoweza kugawanyika hata herufi zikatangaza dini ya mwenyewe: Maria hudokeza Ukristo, Maryam hudokeza Uislamu. Mariamu peke yake halitangazi.

Jambo hili lina uzito katika Bonde. Wamisionari wa UMCA walijikita Magila katika miaka ya 1870, katika eneo ambalo Uislamu wa pwani nao ulikuwa ukienea, na hadi leo ziko koo zenye Waislamu na Wakristo. Kwa Waislamu, Bibi Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani, na sura ya 19 imeitwa kwa jina lake. Kwa Wakristo, ni mama wa Yesu. Mtoto akiitwa Mariamu, bibi mzaa baba na bibi mzaa mama wanaweza kumpokea pamoja, kila mmoja kwa sala yake.

5. Somo

Umaarufu wa jina hauletwi na maandiko pekee. Katika pwani mtoto mara nyingi hupewa jina la bibi au babu, na wawili hao huwa somo. Mjukuu akipita uani, bibi humwita "somo yangu". Katika familia nyingi mama humwita bintiye "Bibi" au "Mama", kwa kuona haya kulitaja ovyo jina la mkwewe. Hapo ndipo ilipo maana hai ya jina Mariamu: ni yule aliyeitwa hivyo kabla.

6. Hitimisho

Mzazi anayechagua Maryam, Miriam au Maria ana haki yake, na aandikiwe alivyochagua. Lakini aliyesema Mariamu naye asikatiwe irabu. Anayeandikisha na aulize, aandike alivyosikia, na umbo hilo lifuatwe katika kila cheti. Kwa wanafunzi wa isimu ipo kazi: madaftari ya ubatizo, orodha za madrasa na za shule za Tanga zinangoja kusomwa kwa pamoja. Atakayezisoma asianze kwa kuhesabu makosa ya tahajia. Herufi moja aliyokata karani inaweza kumtenga binti na somo yake.