Amri Iliyotumwa Hairudi: Ukaguzi wa Amri katika Uendeshaji wa Vyombo vya Anga za Juu



Maoni yaliyomo humu ni yangu, si lazima yawe msimamo wa mwajiri wangu.

1. Maana
Kuendesha kwa mbali ni kukipa chombo amri kupitia mawimbi ya redio. Mawimbi hufika Mwezini kwa sekunde 1.3 hivi, na Mirihi kwa dakika 3 hadi 22. Ndiyo maana Lunokhod 1 ya Wasovieti iliendeshwa Mwezini mwaka 1970 na watu waliokaa mbele ya skrini, ilhali roboti za Mirihi hupewa kazi za siku nzima kwa mkupuo. Haya mnayajua, tuendelee.

2. Tatizo
Nimeombwa nizungumzie teknolojia kwa jumla. Mniwie radhi, nitakaa kwenye swali moja: nani hukagua amri kabla haijatumwa?

Viking 1 ilitua Mirihi mwaka 1976 ikafanya kazi zaidi ya miaka sita. Novemba 1982 ilitumiwa marekebisho ya programu ya kuchaji betri. Marekebisho hayo yakafuta taarifa za kuelekeza antena Duniani, na chombo hakikusikika tena.

Mwaka 1988 Phobos 1 ya Wasovieti ilitumiwa amri iliyokosa alama moja tu. Kompyuta ya kukagua amri ilikuwa mbovu, na amri ikatumwa hivyo hivyo. Chombo kikazima mitambo ya kukiweka sawa, paneli zikaliacha Jua, betri zikaisha.

Julai 2023 amri yenye kosa iligeuza antena ya chombo cha Voyager 2 kwa digrii 2. Kituo cha mawasiliano cha Canberra kilituma ishara kwa nguvu kubwa, kisha watu wakasubiri saa 37 wajue kama imesikika. Bahati nzuri ilisikika.

Vyombo vyote vitatu vilitii. Mtumishi asiyeuliza swali anahitaji bwana anayejisomea mara mbili.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, fomu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya saini mbili. Usiku alikuwapo mtu mmoja, naye alisaini kote kuwili. Nilipoandika barua niliambiwa bajeti haitoshi kwa mtu wa pili. Niliandika tena, nikajibiwa kwamba fomu zote zimejazwa ipasavyo. Ni kweli, zilijazwa.

Tangu Kenya irushe setilaiti yake ya Taifa-1 Aprili 2023, ukaguzi wa amri si jambo la kusoma magazetini tu.

3. Mapendekezo
(i) Kila amri ikaguliwe na mtu wa pili ambaye hakuiandika.
(ii) Zamu ya usiku iwe na watu wawili.
(iii) Kifaa cha ukaguzi kikiharibika, utumaji usimame.
(iv) Amri ijaribiwe kwanza kwenye kielelezo kilichopo ardhini.
(v) Chombo kiwekewe ratiba ya kujielekeza upya Duniani chenyewe.
(vi) Anayesimamisha utumaji kwa shaka asiadhibiwe.
(vii) Bajeti itaje ukaguzi katika kifungu chake, usifichwe chini ya “mengineyo”.
(viii) Narudia (i) na (ii): watu wawili, saini mbili, mikono miwili tofauti.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenyekiti, naomba (viii) iingie kwenye maazimio kama ilivyoandikwa, pamoja na neno “tofauti”.